Baitul Mali, Wakfu na Elimu ya Falaki: Ni Nani Aliyewagharimia Wanazuoni?

 

Katika mihadhara yetu husifiwa sana wanazuoni wa Kiislamu waliotangulia katika tiba, hesabu na falaki. Wanastahiki sifa hizo. Lakini ni mara chache tunajiuliza: ni nani aliyewalipa? Vyombo vya kupimia nyota ni ghali, na uchunguzi wake huchukua umri wa mtu. Sayari ya Zohali peke yake hukamilisha mzunguko wake kwa takriban miaka 30. Nani atamlisha mchunguzi na watoto wake muda wote huo?

Jawabu la kwanza ni dola. Khalifa al-Ma'mun (198–218 H / 813–833 M) aligharimia kufasiriwa kwa vitabu vya Kigiriki, na akaamrisha jua na mwezi vichunguzwe Shammasiyya, Baghdad, kisha katika mlima Qasiyun, Damascus. Alipofariki mwaka 833, uchunguzi wa Qasiyun haukuendelea. Sultani Malik Shah wa Waseljuki alianzisha kituo cha kutazamia nyota mwaka 467 H (1074 M), akiwemo humo Umar Khayyam. Sultani akafariki mwaka 1092 na kazi ikakoma, hata Zohali haijamaliza mzunguko mmoja. Ulugh Beg wa Samarkand, mtawala aliyekuwa mwenyewe mwanafalaki, aliuawa mwaka 853 H (1449 M), na kituo chake kikageuka magofu. Huko Istanbul, Sultani Murad III alimjengea Taqi al-Din kituo kilichokamilika mwaka 1577. Mwaka 1580 kikabomolewa kwa amri ya Sultani huyo huyo.

Jawabu la pili ni wakfu. Asili yake ni mashuhuri: Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Kwa msingi huo Sultani Qalawun alijenga hospitali ya Mansuri mjini Cairo mwaka 683 H (1284 M), akaiwekea milki za kuiendesha. Qalawun alifariki mwaka 1290, lakini wagonjwa waliendelea kutibiwa humo kwa karne nyingi. Tabibu Ibn al-Nafis, aliyeeleza jinsi damu inavyopita katika mapafu, alipofariki mwaka 687 H (1288 M) aliiachia hospitali hiyo nyumba yake na vitabu vyake. Na mjini Damascus, Ibn al-Shatir (aliyefariki 777 H / 1375 M) alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya, kazi yake ikiwa kusimamia nyakati za Sala. Kutoka katika utumishi huo wa msikiti alitoa mfumo wa mwendo wa mwezi unaolingana na ule uliomo katika kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543.

Tofauti ya njia hizi mbili ni ya kifiqhi kabla ya kuwa ya kihistoria. Anachotoa mtawala kutoka hazina, mrithi wake anaweza kukikata kesho. Ama wakfu, kwa kauli ya jamhuri ya fuqahaa, haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi.

Hata hivyo wakfu ina mipaka yake. Mwaka 657 H (1259 M), mwaka mmoja tu baada ya Baghdad kuangamizwa, Hulagu alimruhusu Nasir al-Din al-Tusi kuanzisha kituo cha Maragha, na Tusi akakabidhiwa usimamizi wa wakfu. Kituo hicho kilidumu baada ya kufa Hulagu mwaka 1265, jambo ambalo vituo vilivyotangulia havikulipata. Lakini Ibn al-Qayyim alimlaumu vikali Tusi kwa kuhamisha wakfu za madrasa na misikiti na kuwapa wanajimu na wanafalsafa. Na ukiacha ukali wa lawama, hoja ya kifiqhi ina uzito: sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa. Aliyewakifu shamba kwa ajili ya msikiti hakuliwakifu kwa ajili ya darubini wala maabara, hata kama maabara ina manufaa.

Basi tunasema: njia iliyo salama si kuchukua wakfu ya jambo moja na kuipeleka kwenye jingine, bali ni kuweka wakfu mpya. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kuwakifu msikiti, kisima na makaburi. Ni wangapi miongoni mwetu wamewakifu nyumba ya kupangisha ili kodi yake imsomeshe mwanafunzi wa udaktari au imlipe mwalimu wa fizikia? Serikali tuidai haki yake, kwani elimu ya raia ni amana juu yake. Lakini bajeti hubadilika pamoja na mawaziri. Maimamu wetu wana mimbari kila Ijumaa, na mlango huu wa sadaka yenye kuendelea unastahiki kufunguliwa humo.