Pesa ya Viazi na Kadi Isiyoongea

Mwaka 2011 mamangu aliuza viazi kule Mau Narok, nami nikateremka Nakuru na hizo pesa kununua laptopu ya mtumba. Windows yake ilikuwa ya wizi, tena imejaa virusi. Nikaifuta, nikaweka Linux: Debian 6, iliyokuwa imetoka Februari mwaka huohuo. Kila kitu kilifanya kazi isipokuwa Wi-Fi. Fundi mmoja mjini aliitazama dakika mbili, akasema kadi imeungua, nilete 3,000 aibadilishe. Nilipompigia mama simu aliuliza tu, "Sasa viazi vyangu ndio hivyo vimeenda?"

Sikulipa. Niliandika lspci -nn, amri inayoorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya mashine, na kadi ikajitaja: Broadcom BCM4312, namba 14e4:4315. Kadi iliyoungua kwa kawaida haijitaji. Kisha dmesg ikanionyesha shida yenyewe: draiva ya b43 ipo, ila imetafuta faili ya ucode15.fw ikaikosa.

Faili hiyo ina historia yake. Broadcom haikuwa imetoa maelezo ya jinsi kadi zake zinavyofanya kazi, kwa hivyo watu wa Linux wakajigawa makundi mawili. La kwanza lilichambua draiva ya kampuni na kuandika inachofanya. La pili, ambalo halikuwahi kuiona draiva hiyo, liliunda programu mpya kwa kufuata maandishi yale tu, mtu asije akadai wamenakili. (Subira ya aina hiyo mimi sina.) Kazi yao iliingia katika Linux 2.6.17, Juni 2006. B43 ikafuata 2008. Lakini famuwea, ile programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe, ilibaki mali ya kampuni, na Debian haikuwa na ruhusa ya kuigawa. Septemba 2010 Broadcom ilifungua msimbo wake, ila wa kadi mpya. Yangu haikuwemo.

Debian ilikuwa na kifurushi cha kukuletea famuwea hiyo, nacho kilihitaji intaneti! Ufunguo uko ndani ya nyumba iliyofungwa.

Basi nikaenda saiba na flashi, nikapakua draiva ya kampuni pamoja na b43-fwcutter, programu inayoichuna famuwea kutoka humo. Nyumbani nikaziweka faili katika /lib/firmware/b43, nikaiondoa draiva na kuirudisha kwa modprobe. Majina ya mitandao ya majirani yakajitokeza, moja baada ya jingine. Nilikuwa nimetumia pesa ya saiba na nauli ya matatu, basi.

Debian 12, ya Juni 2023, ilikuja na famuwea nyingi zisizo huru ndani ya diski yake, baada ya wanachama kupiga kura mwaka uliotangulia. Ya kadi yangu bado haikuwemo. Majuzi kijana wa jirani aliniletea laptopu kuukuu ya aina ileile. Ameambiwa kadi imeungua. Nikaanza kutafuta flashi.