Umbali wa Duara Kuu

Habari za usafiri zinapotaja umbali wa kuruka kati ya miji miwili, mara nyingi husema ni "umbali wa mstari ulionyooka". Msomaji anaelewa haraka, lakini anaelewa visivyo. Mstari ulionyooka hasa kutoka Nairobi hadi New York ungetoboa ardhi, na katikati ya njia ungekuwa kwenye kina cha kilomita 2,500 hivi.

Kinachopimwa ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na njia hiyo daima ni kipande cha duara kuu: duara linaloizunguka dunia huku kitovu chake kikiwa kitovu cha dunia yenyewe. Ikweta ni duara kuu. Mistari mingine ya latitudo siyo, maana hupungua kadiri inavyokaribia ncha. Ndiyo sababu, katika kulitaja duara hilo, natetea neno "kuu" dhidi ya "kubwa". Maduara mawili yanaweza yote kuwa makubwa na moja likalizidi jingine. Lililo kuu halizidiwi na duara lolote linaloweza kuchorwa juu ya tufe la dunia.

Chukua ramani ya Mercator, ile ya ukutani iliyozoeleka, uweke rula kati ya Nairobi na New York. Rula itapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria na Mali. Sasa chukua tufe na uzi, ushike ncha zake kwenye miji hiyohiyo, kisha uuvute hadi ukaze. Uzi utakwea Sudan Kusini, Chad, Algeria na Morocco, uingie Atlantiki na kufika latitudo 42 kaskazini, juu kidogo kuliko New York yenyewe, ndipo uteremke. Njia ya uzi ni kilomita 11,840 hivi. Ya rula inazidi hapo kwa kilomita 350. Uzi ndio umbali wa duara kuu.

Umbali huo, hata hivyo, hautoi muda wa safari. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, hesabu inaleta saa 13 na dakika chache. Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja kwenda New York, Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 kwenda na 14 kurudi. Tofauti ya kwenda na kurudi ni kazi ya upepo mkali wa juu uvumao kutoka magharibi: huizuia ndege inayokwenda, huisukuma inayorudi. Muda mwingine huliwa ndege inapojivuta kuelekea njia ya kurukia, inapopanda na inaposubiri zamu ya kutua. Na anga nayo hufungwa: vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa na ndege zikalazimika kuzunguka.

Saa za tiketi nazo ni za kila mji kwa wakati wake. Ukiondoka Nairobi saa tano usiku mwezi Julai, ukasafiri saa 15, utafika saa moja asubuhi ya New York, kana kwamba umesafiri saa nane tu.

Basi wahariri na watafsiri, mnapotoa kilomita, andikeni "umbali wa duara kuu". Muda utolewe kando, kutoka kwenye ratiba, na utajwe ni wa kwenda au wa kurudi.