Dakika Mbili za Hamu: Trela ya Sinema na Sanaa ya Kuficha

Mwaka 1913, jijini New York, Nils Granlund, mkuu wa matangazo wa majumba ya sinema ya Marcus Loew, alitengeneza filamu fupi iliyoonyesha mazoezi ya mchezo wa muziki uliokaribia kupanda jukwaani Broadway, The Pleasure Seekers. Mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ya Selig ya Chicago ikaanza kutoa filamu ya mfululizo, The Adventures of Kathlyn. Inasimuliwa kuwa kipande kimoja kilimwacha Kathlyn kwenye shimo la simba, kisha yakatokea maandishi yakiwauliza watazamaji kama ataokoka, na kuwaambia warudi wiki ijayo. Mambo yote ya trela yamo humo: onyesha kidogo, katisha, mwache mtu na hamu yake.

Wengi huiona trela kuwa tangazo tu, sawa na la sabuni. Mimi naiona kuwa sanaa ya uhariri yenye historia yake na mabingwa wake. Ukiifuatilia historia hiyo utakuta kwamba trela zilizodumu katika kumbukumbu za watu ni zile zilizojua kuficha, na kwamba katika kazi hiyo ya kuficha, sauti imebeba mzigo mkubwa kuliko picha.

Hapo mwanzo trela zilionyeshwa filamu ikishakwisha. Wenye majumba wakaona kuwa watu hunyanyuka na kuondoka, wakazihamishia mwanzo. Kuanzia 1919 kazi ya kuzitengeneza na kuzisambaza ilishikwa na National Screen Service ya New York, ambayo kwa miongo kadhaa ilihudumia karibu studio zote kubwa za Marekani. Kazi zake zilifanana: maandishi makubwa yanayorukia juu ya picha, sifa tele, majina ya mastaa, busu moja, bastola moja, na okestra isiyopumzika. Trela ya Casablanca ya 1942 ni mfano wa mtindo huo. Sauti ya binadamu ilitumika zaidi kutoa maelezo: katika trela ya The Jazz Singer ya 1927, mwigizaji John Miljan anasimama mbele ya kamera na kuwaeleza watu ukubwa wa filamu inayokuja, kama mshereheshaji wa harusi.

Kijana mmoja aliyetokea kwenye redio ndiye aliyeonyesha njia nyingine. Orson Welles alipoitangaza Citizen Kane, iliyotoka 1941, aliandaa trela ya takribani dakika nne ambamo sura yake haionekani kabisa, ingawa yeye ndiye steringi na ndiye mwongozaji. Tunaona giza la studio, kisha maikrofoni inashuka. Sauti ya Welles inaanza kuwatambulisha waigizaji wake mmoja mmoja, wengi wao wapya kwenye sinema, nao wanatokea kwenye mwanga wakicheka au wakiona haya. Baadaye watu wanazungumza kwenye simu, kila mmoja na lake kuhusu huyo Kane: huyu anamsifu, yule anamlaani. Kane mwenyewe hatumwoni. Mtazamaji anatoka na swali la kutaka kujua ni mtu wa namna gani huyo, na swali hilo ndilo filamu nzima.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alikwenda mbali zaidi. Trela ya Psycho ya 1960 ina zaidi ya dakika sita, na karibu muda wote tunamwona yeye mwenyewe, mzee mwenye suti, akitutembeza kwenye moteli na nyumba iliyo nyuma yake kana kwamba anawapitisha watalii. Muziki ni wa uchangamfu. Anapanda ngazi na kutuonyesha mahali mtu alipoporomoka, anaanza kueleza mwili ulivyojipinda, kisha anaacha sentensi hewani. Anafungua kabati, anatazama, hasemi alichokiona. Ukutani kuna picha. Anaanza kusema umuhimu wake, anajikatisha. Kila mara kamera inamfuata kwa utulivu, na kila mara maelezo yanakatika palepale tunapoyataka. Mwishowe anaingia bafuni, anasifu usafi wake, anashika pazia la bomba la mvua na kulivuta. Hapo ndipo inakuja picha ya karibu ya mwanamke akipiga ukelele, na vinanda vya mtunzi wa muziki Bernard Herrmann vinakata kama visu. Mwanamke huyo si Janet Leigh anayeoga katika filamu. Ni Vera Miles aliyevalishwa wigi. Hata katika sekunde hiyo moja ya kufichua, Hitchcock alikuwa bado anaficha.

Zingatia alivyopanga sauti. Dakika sita za maongezi ya upole na muziki mwepesi ndizo zinazoupa ukelele ule nguvu. Mtu aliyetayarishwa kucheka hana ngao.

Wahariri wengi hawakuwa na uhuru wa kupiga picha mpya namna hiyo. Mhariri wa trela hupewa picha zilizokwisha kupigwa na watu wengine, na kazi yake ni kuchagua, kukata na kuunga. Siri ya kuunga ilionyeshwa Urusi na mwongozaji Lev Kuleshov, baada ya mapinduzi ya 1917. Alichukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na kuuweka jirani na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha picha nyingine, na watazamaji wakaona njaa, wakaona huzuni, ilhali uso haukubadilika. Trela inaishi kwa siri hiyo. Swali linaulizwa katika tukio la mwanzo wa filamu, na uso unaoonekana kulijibu umetoka kwenye tukio la saa nzima baadaye. Maneno ya mama yanasikika huku tunamwona mwanawe akikimbia mahali ambapo mama hayupo. Hata kamera inatumika upya: mhariri huchagua picha pana ili tuhisi ukubwa wa dunia ya filamu, picha ya karibu ili tumjali mtu, na pale kamera inaposogea kuelekea kitu fulani, yeye hukata kabla haijafika.

Miaka ya 1960 ndipo uhariri huo ulipochangamka. Pablo Ferro, mzaliwa wa Cuba, aliitengenezea Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, mwaka 1964, trela ya picha na maneno yanayopigana vikumbo, neno moja moja likimulika kwenye skrini. Mwaka huohuo Andrew Kuehn alitengeneza trela ya The Night of the Iguana, akimtumia James Earl Jones kama msimulizi. National Screen Service haikutawala tena peke yake.

Halafu akaja papa. Trela ya Jaws ya 1975 inaanza chini ya maji, na kamera ndiyo jicho la papa mwenyewe: sisi ndio tunaoogelea kuelekea miguu ya watu. Noti mbili za mtunzi John Williams zinaanza polepole na kuongeza kasi, na juu yake inaunguruma sauti ya msimulizi Percy Rodriguez. Samaki mwenyewe anafichwa. Studio ya Universal ilitumia takribani dola 700,000 kwa matangazo mafupi ya televisheni siku chache kabla ya filamu kufunguliwa kwenye majumba zaidi ya 400 kwa mpigo, na tangu hapo trela ikawa na makazi mengine nje ya jumba la sinema.

Miaka minne baadaye filamu ya Alien ikatoa trela ambayo kwangu mimi haijapata mpinzani. Hakuna msimulizi. Hakuna mazungumzo. Kuna yai linalopasuka na kutoa mwanga, halafu mlio kama king'ora cha mnyama anayeumia, unaojirudia tena na tena huku picha zikifupishwa: mtu anakimbia, mlango unafunga, uso unapiga kelele bila sauti yake kusikika. Mwisho ni maandishi yanayotukumbusha kuwa angani hakuna wa kusikia yowe lako. Ukitoka hapo hujui hata jina la mhusika mmoja, lakini tumbo limekaza.

Kwa bahati mbaya somo hilo halikufuatwa na wengi. Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa ya wasimulizi, na mfalme wao alikuwa Don LaFontaine, aliyefariki 2008 akiwa ameweka sauti yake kwenye trela zaidi ya 5,000. Sauti yake nzito ilikuambia dunia ni ipi, shujaa ni nani na adui anataka nini. Alipoondoka, mtindo wake nao ukafifia. Mahali pa msimulizi pakachukuliwa na mlio wa tarumbeta nzito uliotambulishwa na trela za Inception ya 2010, ukaigwa hadi ukachosha. Mwaka huohuo trela ya The Social Network ilifanya kinyume: kwaya ya wasichana kutoka Ubelgiji inaimba kwa sauti za chini wimbo wa bendi ya Radiohead, na picha ni za watu wa kawaida kwenye kurasa za Facebook, muda mrefu kabla hatujaona mwigizaji yeyote. Upweke wa filamu nzima unasikika kabla hadithi haijaanza.

Nguvu ya dakika hizo chache si ya kubahatisha. Novemba 1998 watu Marekani walilipa kiingilio cha filamu kama Meet Joe Black ili tu waone trela ya Star Wars mpya, kisha baadhi yao wakatoka. Desemba 2022, katika kesi ya watazamaji wawili waliolalamika kuwa mwigizaji waliyemwona kwenye trela ya Yesterday hayumo kwenye filamu, jaji wa California aliamua kuwa trela ni tangazo la biashara na sheria ya matangazo ya uongo inaweza kuigusa. Naukubali uamuzi huo. Kuficha ni ustadi, kudanganya ni jambo jingine.

Wakati Hollywood ikiiaga sauti ya msimulizi, Afrika Mashariki ilikuwa imeipa maisha mapya. Kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vya Dar es Salaam, Lufufu alisimulia picha za nje kwa Kiswahili. Kenya wanamjua DJ Afro kwa kazi hiyohiyo, na Uganda vibanda vina VJ wao, yaani wasimulizi wa filamu. Na trela moja ya kwetu iliizunguka dunia. Januari 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliweka YouTube trela ya Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyotengenezwa kwa pesa ndogo mno. Helikopta, moto na risasi vimetengenezwa kwenye kompyuta, na mikato inafuatana kwa kasi ya ngumi. Mamilioni wameitazama, na mtengenezaji filamu wa Marekani, Alan Hofmanis, alifunga safari hadi Kampala kwa sababu yake.

Lakini nakala ya awali ya filamu hiyo, isiyo na sauti ya VJ, haipo tena. Nabwana aliifuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Iliyobaki ni ile yenye masimulizi ya VJ Emmie. Marekani nako yametokea makubwa: filamu ya kwanza ya The Great Gatsby, ya 1926, imepotea, na kilichosalia ni trela yake ya takribani dakika moja. Nyuso za waigizaji na mapambo ya karamu vinajulikana leo kwa sababu mtu alikitunza kipande ambacho wengine walikiona takataka.

Kwetu hifadhi kama hiyo inategemea watu binafsi. Trela za filamu za Kiswahili zimo kwenye kanda za VHS na diski za DVD zilizorundikwa madukani na makabatini, na sauti za wasimulizi wa vibanda zimo kwenye kanda hizohizo, zikiota ukungu. Ukiwa nayo hata moja, usiitupe. Inakili, andika jina la filamu, mwaka na jina la msimulizi kama unalijua, kisha uikabidhi kwa maktaba, makumbusho au chuo kikuu kilicho karibu nawe.