Njia za Gitting: Mlima, Makaburi na Bikoni

Gitting ipo upande wa kaskazini wa Mlima Hanang, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Mlima huo una kimo cha mita 3,400 na kitu, na umesimama peke yake juu ya nyanda zinazouzunguka. Msafiri wa zamani aliyetoka Mbulu, Singida au Kondoa aliuona siku kadhaa kabla ya kuufikia. Alichohitaji kujua ni yuko upande gani wa mlima, na hilo aliambiwa na majani na maji: kaskazini na mashariki kuna mvua, msitu na baridi; kusini-magharibi, ambako mlima hukinga mawingu, nchi ni kavu zaidi. Wachora ramani wa Kijerumani waliuandika mlima huo kwa jina la Gurui.

Njia za mwanzo zilitengenezwa na ng'ombe. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatooga, walihamisha mifugo kwa majira. Mvua ziliponyesha walishuka kwenye mabonde yenye majani bora, waliyoyaita muhajega. Kiangazi walifuata maji ya kudumu. Njia nyingine zilielekea kwenye magadi na chumvi za Ziwa Balangida. Mchungaji alizijua kwa miguu yake, naye alimfundisha mwanawe kwa kumpeleka.

Katika nyanda za Basotu, kaskazini-magharibi mwa mlima, alama kuu ilikuwa bung'eda, kaburi la mzee aliyeheshimiwa. Mazishi yake yalichukua miezi 9 hivi. Watu walijenga tuta la udongo hatua kwa hatua, wakilizungushia miti, hadi likapita kimo cha mtu. Siku ya mwisho mtoto wa kiume wa marehemu alipanda juu yake. Tuta hilo lilikuwa mahali pa kuombea. Vilevile lilimwonyesha mpita njia kwamba amefika katika malisho ya watu fulani, na watoto walikua wakielekezana kwalo. Kaburi moja lilibeba ukoo, mpaka na dira.

Pigo lilikuja na ngano. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba makubwa Basotu, ambayo hatimaye yalifikia ekari 100,000 hivi. Matrekta yalilima muhajega, yakakata njia za kwenda kwenye maji na magadi, na yakasawazisha makaburi mengi. Mchungaji aliyepita alikopita babu yake alishtakiwa kwa kuingia shambani bila ruhusa. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO na kushinda Mahakama Kuu mwaka 1984, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Hasara hiyo haikuwa ya malisho peke yake: nchi iliyosomeka iligeuzwa kuwa uwanja usio na alama.

Wakati huohuo Wairaqw waliendelea kusogea kusini kutoka nyanda za juu za Mbulu, wakilima na kujenga, na vijiji vilivyoundwa miaka ya 1970 vikaleta alama mpya: shule, zahanati, kanisa, ofisi ya kijiji, bikoni za wapimaji. Leo anayekwenda Gitting huiacha lami ya Babati–Singida huko Mogitu, na dereva wa bodaboda humwelekeza kwa majengo hayo.

Mlima wenyewe nao hubadilika. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa, nyumba na barabara zikafukiwa.

Njia ya kuzihifadhi alama hizi ipo: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inavipa vijiji mamlaka ya kupanga ardhi yao. Bung'eda zilizobaki, njia za ng'ombe na mikondo ya mafuriko vinapaswa kuingizwa katika mipango hiyo, na vichorwe sasa, wazee wanaovijua wakiwa bado wapo wa kuvionyesha.