Wasichana wa Beni na Butembo katika miaka ya Ebola

Leo tunazungumza juu ya historia ya karibuni: Ebola katika Beni na Butembo, na hasa juu ya wasichana wetu.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilianza kujulikana Mangina, karibu na Beni. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa, tukihesabu pamoja na wa Ituri na Kivu ya Kusini. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake na wasichana.

Kwa nini wao? Ebola haichagui mwanamke wala mwanamume. Inafuata mkono unaomgusa mgonjwa. Nyumbani kwetu, nani anamwosha bibi anayehara? Nani anafua mashuka yenye matapiko? Ni mama, na mama akilala, ni binti yake. Hata mwaka 1976, Ebola ilipojulikana mara ya kwanza kule Yambuku, wanawake wengi waliambukizwa walipokwenda kupimwa mimba, kwa sababu sindano zilikuwa chache na zilitumika kwa mtu baada ya mtu.

Lakini wale waliobeba mzigo hawakuulizwa neno. Timu za kupambana na ugonjwa zilipofika mtaani, mara nyingi zilizungumza na wakubwa, na wakubwa wengi ni wanaume. Matangazo mengi yalikuwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha vitabu. Msichana aliyeacha shule, mwenye kusema Kinande na Kiswahili cha nyumbani, alibaki na uvumi.

Na uvumi ule ulikuwa na mizizi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa, wakilia bila kusikiwa. Ghafula magari mengi yakaja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Desemba 2018 nchi ilipiga kura, lakini Beni na Butembo waliambiwa wangoje, kwa sababu ya Ebola na usalama. Watu wakasema: Ebola ni siasa. Februari 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili mwaka ule ule daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni, aliuawa hospitalini Butembo.

Hapo ilionekana kwamba askari hawezi kufungua mlango wa mgonjwa. Mlango hufunguliwa kwa mtu anayejulikana. Waliopona, ambao miili yao ilikuwa na kinga, walilea watoto ambao wazazi wao walilazwa vituoni. Wasichana waliofundishwa kuongoza mazungumzo waliweza kufika jikoni na kisimani, wakasikiliza hofu kwanza ndipo wakajibu. Msichana humwuliza mwenzake mambo asiyothubutu kumwuliza daktari. Chukueni mfano wa chanjo: mwanzoni wenye mimba na wanaonyonyesha hawakupewa, mwaka 2019 wakaruhusiwa. Habari ya namna hii, iliyogeuka katikati ya safari, itaaminiwa na mama kijana ikitoka kinywani mwa mtu wa kwao.

Ndugu zangu, kuna na upande mchungu. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, ikiongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge wa kwetu Kongo, ilitoa ripoti yake. Watu 83 walidaiwa kuwadhulumu kingono wanawake na wasichana wakati wa Ebola. 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa shirika hilo. Wengi wa waliodhulumiwa waliahidiwa kazi. Mdogo kabisa alikisiwa kuwa na miaka 13. Msichana asiye na mahali pa kusema ni windo jepesi.

Kwa hiyo, wakubwa wa mitaa, tunawaomba mambo matatu. Katika kamati ya afya na ya amani, wekeni wasichana zaidi ya mmoja, na wa familia zilizokimbia vita wawemo, maana mmoja peke yake atanyamaza mbele ya wazee. Pili, kaka zao wachote maji na kufua pia. Msichana hawezi kuja mkutanoni ikiwa kazi yote ya nyumba inamngoja. Tatu, kila mtaa uwe na mama wawili wanaoaminika wa kupokea mashtaka yao, bila kumwaibisha mlalamikaji.

Msiseme tutangoje. Mwaka 2021 Ebola ilirudi mara mbili, Februari upande wa Butembo na Oktoba Beni. Amani si kunyamaza kwa bunduki tu. Ni binti kusema "hapa kuna hatari" na mkubwa kumsikiliza. Kidole kimoja hakivunji chawa.