Moshi, baridi na moyo (Tarime na Serengeti)

Hali ya hewa na uchafu wa hewa huchangia mshtuko wa moyo na kiharusi, hasa kwa wenye presha. Katika nyanda za juu za Tarime, baridi ya kipupwe (Juni hadi Agosti) hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, huku damu ikiganda kwa urahisi zaidi. Wilayani Serengeti, miezi hiyohiyo ni ya kiangazi: vumbi la barabara hutanda na nyasi huungua.

Lakini hatari kubwa iko jikoni. Mama anapuliza kuni mbichi kwenye mafiga, macho yanamtoka machozi, paa limeshakuwa jeusi kwa masizi. Chembe laini za moshi, zisizozidi maikromita 2.5, hupita mapafu hadi kwenye damu na kuchochea uvimbe ndani ya mishipa. Shirika la Afya Duniani (2021) linashauri wastani wa mwaka wa chembe hizo hewani usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Baya zaidi ni kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na kufunga mlango. Kaboni monoksaidi, gesi ya mkaa unaowaka, hunyang'anya oksijeni nafasi yake kwenye damu, na moyo mgonjwa huwahi kushindwa.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Kwa sasa moshi bado unaumiza mioyo, na mgonjwa wa Mugumu, wilayani Serengeti, anayehitaji bingwa wa moyo hupewa rufaa, kwa mfano hospitali ya Bugando, Mwanza.