Kutoka Habari hadi Riwaya: Kasongo na Safari Ndefu ya Kumwandika Mwanamke

Maandishi ya Kiswahili katika Kongo ya mashariki yana mzizi wake mkubwa Kasongo, mji wa kusini mwa Maniema ulioko mashariki ya mto Lualaba, ambao katika nusu ya pili ya karne ya 19 ulikuwa makao ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, na ambao kwa njia ya misafara iliyopita Kabambare kuelekea ziwa Tanganyika uliunganishwa na Ujiji, Tabora na Zanzibar. Lugha iliyoletwa na misafara hiyo, ambayo huko bara ilikuja kuitwa Kingwana, yaani Kiswahili cha waungwana na wafuasi wao, ilidumu hata baada ya biashara yenyewe kuvunjwa. Kumwandika mwanamke kama mtu mwenye nia, hofu na maamuzi yake mwenyewe, hata hivyo, kulichelewa sana, na katika Afrika Mashariki na Kongo waliobeba kazi hiyo walikuwa mara nyingi watu waliokwisha kupita katika kazi ya habari, wakiwa redioni, gazetini au jaridani.

Kitabu kinachoijulisha dunia Kasongo ya zamani ni maisha ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili huko Zanzibar katika uzee wake, na ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Katika kisa kimoja mashuhuri cha kitabu hicho, Tippu Tip anaeleza jinsi alivyojipatia utawala wa Utetela bila kupigana: alijitambulisha mbele ya mtemi Kasongo Rushie kuwa ni mjukuu wa mmoja wa dada wawili wa mtemi huyo, waliotekwa vitani zamani na kupelekwa Urua, na mzee yule, aliyekuwa amewalilia ndugu zake kwa miaka mingi, akamkabidhi nchi. Wanahistoria wengi wanaiona nasaba hiyo kuwa ni hila. Lililo muhimu hapa ni kwamba utawala mzima uliegemezwa juu ya hadithi ya mwanamke, aitwaye Daramumba, aliyetekwa, akavushwa nchi na kuzaa ugenini, na bado mwanamke huyo hasemi neno hata moja katika kurasa zote. Hakuna anayeuliza aliondokaje kwao, alimwambia nini dada yake njiani, wala alikumbuka nini alipokuwa mbali. Jina lake linatumika kama hati ya kudai mali, kisha linaachwa. Hiyo ni riwaya iliyolala ndani ya kitabu cha mfanyabiashara, na haikuamshwa.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa wageni walioangusha mji. Majeshi ya Dola Huru la Kongo, yaani milki ya binafsi ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, yakiongozwa na Francis Dhanis yaliteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo, na daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, katika kitabu alichokitoa mwaka 1897, alieleza kwa mshangao nyumba walizozikuta: vitanda vya kuchonga, magodoro ya hariri, mashamba ya mpunga na bustani za michungwa. Humo pia zilipatikana karatasi za shajara za Emin Pasha, yule Mjerumani aliyeuawa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mji ulikuwa na maandishi na watu wa kuyahifadhi. Wanawake waliofuma maisha ya nyumba hizo, wake, masuria na vijakazi, waliingia katika taarifa ya daktari kama idadi na nyara tu.

Isidhaniwe kwamba wanawake hao walikosa njia ya kutangaza mambo yao. Katika miji ya Waswahili ngoma za wanawake, hasa lelemama, ambayo ni ngoma ya vyama vya akina mama wanaocheza kwa mistari huku wakiimba, zilikuwa na kazi inayokaribia sana kazi ya gazeti: kisa cha mtaani kilitungiwa wimbo, mhusika akadokezwa, na kila aliyesikia akajua ni nani aliyefanya nini. Huko Mombasa vyama hivyo vilishindana kwa mavazi na kwa mafumbo, na wanawake wenye asili ya Maniema waliohamia Ujiji walikuwa miongoni mwa waliojenga maisha ya mjini ya aina hiyo kando ya ziwa. Ila wimbo wa ngoma hauhifadhiwi kwa urahisi, na magazeti yalipokuja hayakuwa mikononi mwa akina mama.

Nchini Kongo jukwaa kuu la wasomi wenyeji lilikuwa La Voix du Congolais, jarida la Kifaransa lililotoka Léopoldville kuanzia mwaka 1945 hadi 1959 chini ya uangalizi wa serikali ya kikoloni. Waandishi wake waliitwa évolués, jina ambalo wakoloni waliwapa Waafrika waliosoma na kukubali mwenendo wa Kizungu. Humo ndimo alimopita Paul Lomami-Tchibamba, mwandishi wa habari aliyeadhibiwa kwa viboko kwa sababu ya makala yake ya mwaka 1945 kuhusu nafasi ya Mwafrika katika dunia ijayo, na ambaye mwaka 1948 alishinda tuzo huko Brussels kwa hadithi yake ndefu Ngando. Humo pia Patrice Lumumba, ambaye kabla ya kwenda Stanleyville alifanya kazi katika machimbo ya bati ya Kalima, hapo hapo Maniema, alijizoeza kalamu. Kutoka safu ya gazeti hadi hadithi, basi, njia ilikwishakanyagwa. Lakini mwanamke katika jarida hilo alikuwa tatizo la kujadiliwa. Mhariri wake, Antoine-Roger Bolamba, ambaye pia alikuwa mshairi, alitoa mwaka 1949 kitabu kizima juu ya maendeleo ya mwanamke Mwafrika, ambamo mwanamume msomi anapima ni kiasi gani mke wake amefikia ustaarabu anaoutaka. Nia yake haikuwa mbaya. Hata hivyo, anayepimwa hana nafasi ya kujibu, na makala ya ushauri, hata ikiandikwa vizuri namna gani, haiwezi kumpa nafasi hiyo. Riwaya inaweza, kwa sababu inamlazimu mwandishi kukaa ndani ya fikra za mtu ambaye pengine hakubaliani naye.

Aliyeonyesha hilo mapema na kwa ukamilifu katika Afrika Mashariki ni Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo, magharibi ya Kenya, mwaka 1930. Alisomea uuguzi katika hospitali ya Mengo nchini Uganda na baadaye London, na huko London kuanzia mwaka 1955 aliingia BBC akiwa mtunzi wa matini na mtangazaji wa kipindi kilichowalenga wasikilizaji wa Afrika Mashariki na ya Kati. Aliporudi nyumbani aliendesha kipindi cha kila wiki cha redio kwa Kijaluo na kuandika safu katika gazeti la East African Standard. Kazi ya redio ina masharti yake: sentensi lazima ieleweke mara ya kwanza, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi nyuma kuisoma tena, na msemaji lazima ajulikane kwa namna yake ya kusema. Anayezisoma hadithi za Ogot anaiona shule hiyo katika mazungumzo mafupi ya wahusika wake na katika uchache wa mapambo. Kwa upande mwingine, visa vyenyewe vilitoka mbali zaidi ya studio, katika masimulizi ya bibi yake.

Safari hiyo haikuwa nyepesi. Ogot alieleza baadaye kwamba alipopeleka hadithi zake kwa msimamizi wa shirika la uchapishaji la wakati wa ukoloni, watu wa shirika hilo hawakuelewa ni vipi mwanamke Mkristo aandike juu ya kafara na uganga badala ya wokovu. Mojawapo ya hadithi hizo, iliyochapishwa mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus la Nigeria, inamhusu Oganda, binti wa mtemi aliyeteuliwa kutolewa kafara ili mvua inyeshe. Habari ya gazeti ingetaja ukame, uamuzi wa wazee na matokeo. Ogot anatembea na msichana kuelekea ziwani, akisikiliza anavyofikiri. Mwaka 1966 ikafuata riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, iliyotolewa na East African Publishing House ya Nairobi, ambamo Nyapol analazimika kumfuata mumewe Ochola, anayehama kwao Nyanza kwenda kutafuta ardhi Tanganyika, ilhali moyo wake haukubali na anaona hatari ambayo mume haioni. Kwa msomaji wa Kasongo au Kabambare, ambaye jamaa zake walitawanyika Ujiji, Bujumbura na hata pwani, swali la Nyapol ni swali la nyumbani: anayeamua kuhama ni nani, na gharama inalipwa na nani? Hapa ndipo Daramumba, kwa jina jingine na katika nchi nyingine, anapata hatimaye kusikika.

Wanaume wa kalamu ya habari nao wamechangia. Shafi Adam Shafi wa Zanzibar, aliyesomea na kufanya kazi ya uandishi wa habari, alitoa mwaka 1999 riwaya ya Vuta N'kuvute, inayomfuata Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mzee mwenye duka, akamkimbia na kulipia uhuru wake kwa kukataliwa na jamaa zake. Mafanikio ya riwaya hiyo yako hasa katika udugu wa Yasmin na Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo anayempokea bila kumhukumu, na katika Kiswahili cha mitaani ambacho mwandishi aliyezoea kusikiliza watu tu ndiye angeweza kukinasa.

Kongo ya mashariki imeingia katika kazi hii ya kumwandika mwanamke kwa njia ya vita. Baada ya mapigano ya 1996 na ya 1998 hadi 2003, ambayo Maniema haikusalimika nayo, redio ndiyo iliyokuwa chombo pekee kilichofika vijijini, na waandishi wa habari wanawake wa Bukavu waliunda mwaka 2003 chama chao, AFEM, chini ya uongozi wa Chouchou Namegabe, wakarekodi ushuhuda wa wanawake waliobakwa na kuurusha hewani kwa Kiswahili na lugha nyingine. Mwenzao Caddy Adzuba wa Radio Okapi alitunukiwa mwaka 2014 tuzo ya Uhispania ya Mwanamfalme wa Asturias. Upande wa fasihi, Marie-Louise Bibish Mumbu, mzaliwa wa Bukavu aliyesomea uandishi wa habari, alitoa mwaka 2008 riwaya ya Kifaransa Samantha à Kinshasa, inayolitazama jiji kwa macho ya mwanamke kijana. Ushuhuda wa redioni na riwaya havichukuliani nafasi: wa kwanza unadai haki kwa jina la aliyetendewa, ya pili inaweza kumwonyesha mtu huyo katika siku ambazo hakuna lililotendeka, akipika sombe, akigombana na wifi yake au akipanga mwaka ujao. Mwanamke wa Maniema amesikika sana katika hali ya kwanza na kidogo mno katika hii ya pili.

Kasongo leo ina redio yake ya jamii, Sauti ya Mkaaji, na ina wasimulizi wa kike ambao Kiswahili chao hakijawahi kupungukiwa na utamu. Wanaofanya kazi katika vituo kama hicho wanaombwa wasifute rekodi zao baada ya taarifa kusomwa, bali wazitunze, wazinakili kwa Kiswahili kile kile cha Kasongo zilichosemwa nacho, na kwa ridhaa ya wenye kusema wazigeuze kuwa hadithi; na wachapishaji wa Bukavu, Nairobi na Dar es Salaam wanaombwa wazipokee bila kuzisahihisha hadi zikapoteza kwao.